Daftari la Kukakamaa

Mke wangu hajui kuumwa. Kuumwa anaumwa, tena sana, lakini kukaa mbele ya mtu aliyemsalimia vizuri na kumwambia "naumwa," hilo halimo kwenye damu yake. Ukimkuta kaanguka ngazini, mguu huku na kiatu kule, ukamuuliza hali, atakwambia ni nzuri tu, kisha akuulize watoto wako hawajambo. Nimekaa naye miaka thelathini na minne, na kabla sijastaafu nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Mwanafunzi anayejibu kabla hujamaliza swali hajafanya hesabu, na mke wangu hujibu hivyo hivyo.

Yeye ni msusi. Alikuwa na chumba chake nyuma ya soko: viti vitatu, kioo kikubwa chenye ufa pembeni, na benchi la wateja ambalo sijapata kuliona tupu. Vidole vilisuka mistari myembamba iliyonyooka, mdomo ukasuka habari za mtaa mzima, vyote kwa wakati mmoja, na hakuna kilichomsubiri mwenzake. Miaka sita iliyopita vidole vikaanza kuvimba. Vikafuata viwiko vya mikono, vikafuata magoti. Tukahangaika. Tukapaka hiki, tukanywa kile, mpaka hospitali wakatuambia ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inachanganyikiwa na kuanza kushambulia viungo vya mwenyewe. Mke wangu akasema afadhali basi, kumbe adui si mtu wa nje.

Vidonge walivyompa vilisaidia mwaka mmoja, kisha vikachoka. Wateja wakaanza kupungua, si kwa sababu hawampendi, bali kwa sababu kichwa alichokuwa anakimaliza asubuhi moja sasa kilichukua siku mbili, na hakuna mwanamke anayetaka kutembea mjini na nusu kichwa. Viti vitatu vikabaki kimoja. Hapo ndipo tukasikia kwamba hospitali kubwa inatafuta wagonjwa wa kushiriki utafiti wa dawa mpya ya sindano.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Kila wiki mbili unachomwa sindano, kwa muda wa mwaka mzima. Nusu ya washiriki wanapata dawa, nusu wanapata maji matupu yenye rangi ile ile, na hakuna anayejua nani kapata nini, si mgonjwa wala daktari. Mwisho wanalinganisha. Nilisoma fomu yote, kurasa kumi na nane, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea, na nikasahihisha mahali patatu walipokosea nukta. Mke wangu alitia saini bila kusoma. Alisema kama mimi nimesoma na sijagombana na mtu, basi hakuna ubaya.

Ili uingie, lazima viungo vyako viwe vibaya vya kutosha. Siku ya kupimwa tulimkuta mkuu wa kliniki, mzee mmoja mwenye haraka, asiyesalimia wala kuinua macho. Akauliza, "Wapi kunauma?" kama karani anayeuliza mzigo ushushwe wapi. Mke wangu akaudhika, na kwa kuudhika kule akamwambia kweli tupu, kiungo kwa kiungo. Vyenye maumivu vikawa kumi na vinane, vilivyovimba kumi na vinne. Akaingia bila shida. Ningekuwa na akili ningemwomba yule mzee asituache, maana kumbe kwa mtu asiye na adabu mke wangu husema kweli.

Taabu ilianza tulipokabidhiwa kwa daktari kijana.

Huyu alikuwa mtoto wa watu hasa. Mke wangu akiingia, anasimama. Anampokea mkoba. Shikamoo mama, mmeamkaje, safari ilikuwaje, magoti yanasemaje leo. Na mama naye, marahaba mwanangu, tumeamka salama, magoti mazuri tu, sijui wewe, mbona umekonda? Walikuwa wakimaliza salamu mimi nimeshasoma mabango yote ukutani. Kosa la kijana lilikuwa moja tu: siku ya kwanza aliteleza ulimi akasema kwamba huu ni utafiti wake wa kwanza, na kwamba wakubwa wake wanaikagua kila karatasi anayoiandika. Nilimwona mke wangu akilimeza lile neno. Kuanzia siku ile hakuwa mgonjwa tena, alikuwa mama mwenye mtoto kwenye chumba cha mtihani.

Chumba kilikuwa na kitanda kilichotandikwa karatasi, mizani, na jokofu dogo lenye kufuli ambamo sindano zilikaa. Kwanza alipewa karatasi yenye mstari wa sentimita kumi. Mwanzo wa mstari pameandikwa hakuna maumivu, mwisho pameandikwa maumivu yasiyovumilika, na kazi yako ni kutia alama pale ulipo. Mke wangu alikuwa akitia alama sentimita moja kutoka mwanzo, tena kwa kushika kalamu na ngumi, kwa sababu vidole havikuweza kuibana. Kijana anaona ngumi, lakini anapima alama. Ndivyo kazi yao ilivyo.

Kisha mke wangu anapita nyuma ya pazia, kwa mwanamke mmoja wa makamo ambaye mimi nilimpa jina la Bibi Kimya. Kazi ya huyu ilikuwa kubonyeza viungo ishirini na vinane, kimoja baada ya kingine, na kuandika kipi kinauma na kipi kimevimba. Hakuruhusiwa kujua chochote kuhusu mgonjwa, wala kuuliza dawa inaendaje, wala kupiga soga, ili hesabu yake isipindishwe na maneno. Mke wangu hakuweza kumsamehe. Alisema haiwezekani mtu mzima akushike magoti yote mawili na hata habari za nyumbani asikuulize.

Lakini Bibi Kimya alikuwa anaangalia uso, na mke wangu akaligundua hilo mapema. Hapa lazima niungame. Kila ilipobaki siku moja kwenda kliniki, tulikuwa tunakaa sebuleni tunafanya mazoezi. Mimi namminya vifundo vya vidole, yeye anajikaza kisabuni bila kukunja uso. Nikimminya sana ananisimulia habari za shangazi yake aliyeolewa mara nne, bila sauti kutetemeka, na mimi mjinga nasikiliza nijue yule mume wa tatu aliishia wapi. Ndiyo, nilishiriki. Mke akikuomba jambo kwa miaka thelathini na minne, mikono inatii kabla kichwa hakijaulizwa.

Pamoja na hayo walimpa kijitabu cha kuandika kila asubuhi viungo vimekakamaa kwa dakika ngapi baada ya kuamka. Wagonjwa wa baridi yabisi huamka wamekuwa kama mlango uliovimba kwa mvua, na muda wa kulegea ni kipimo kimojawapo cha ugonjwa. Mke wangu aliandika tano. Siku nyingine kumi. Siku moja aliandika "kidogo," na mimi kama mtu wa hesabu nilishindwa kulala mchana.

Kwa hiyo nikaanzisha daftari langu. Daftari la miraba, la kufundishia, nilikuwa nalo kabatini. Kila siku naamka saa kumi na mbili, namkuta ameshatangulia jikoni, amekaa kwenye kigoda mikono mapajani. Naanza kuhesabu. Nasimamisha hesabu pale anapoweza kuinua birika kwa mkono mmoja na kumimina chai bila kuliegemeza kwa mkono wa pili. Sikumsaidia kumimina, kwa sababu alisema nitamwaga, na kwa sababu ningeharibu kipimo. Nikachora na grafu. Wastani ulikuwa dakika arobaini, na kwa wiki kumi na mbili haukushuka hata kidogo. Nilikuwa najisikia sana na lile daftari. Nilijiambia dunia nzima inadanganywa na huyu mwanamke, isipokuwa mimi.

Wiki ya kumi na mbili kijana alitusindikiza mpaka kwenye korido, uso unang'aa. Akamwambia mama yumo miongoni mwa wanaofanya vizuri. Mke wangu akainamisha kichwa kama aliyepewa zawadi. Kisha kijana akanigeukia mimi, akanikumbusha kwamba wiki ya kumi na sita ndiyo ya uamuzi: mgonjwa ambaye hajapata nafuu ya angalau sehemu moja ya tano anahamishiwa kwenye dawa yenyewe, moja kwa moja, hakuna cha maji. Anayeendelea vizuri anabaki na kile kile anachochomwa mpaka mwaka uishe. Alisema tusiwe na wasiwasi, mama hatahitaji kuhamishwa.

Nilikuwa nimelisoma hilo kwenye ukurasa wa kumi na moja, na nikalisahau kwa sababu ya nukta. Nilisimama pale koridoni nikakokotoa. Kama anachochomwa ni maji, na daftari langu linasema hakuna kilichobadilika, basi kwa adabu yake mwenyewe atachomwa maji miezi tisa mingine. Kidole chake cha pete kilishaanza kulalia upande. Yule mzee mwenye haraka alishatuambia siku ya kwanza, bila kupepesa macho, kwamba mfupa ukishaliwa haurudi. Kwa msusi, miezi tisa ya kuliwa mifupa ni mwisho wa kazi.

Nyumbani nikamweleza yote. Nikamwonyesha na grafu. Akaisikiliza grafu yangu kwa adabu, kama anavyowasikiliza wauza sabuni, kisha akasema yule mtoto anafanya mtihani, na yeye hawezi kumfelisha mtoto wa mwenzake kwa ajili ya magoti. Nikamwambia huo si mtihani wa daktari. Akaniuliza kama si mtihani, kwa nini wanakagua karatasi? Nikaona niende kwa njia nyingine, nikamwambia uongo ni uongo. Hapo akaweka kikombe chini.

Akanikumbusha habari za wakaguzi. Ni kweli, sikatai. Zamani wakaguzi wa elimu walipokuwa wanakuja darasani, niliwaagiza wanafunzi wangu wote wanyooshe mikono kwa kila swali: anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mimi nachagua wa kulia tu. Wakaguzi waliondoka wakisema hawajawahi kuona darasa kama lile, na nikapandishwa cheo. Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye harusi ngapi sijui, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Basi na mimi nimenyoosha wa kushoto," akasema. "Kuna ubaya gani?"

Nikaenda nje kumwagilia maua ambayo nilishayamwagilia.

Wiki nne zile nilibembeleza, nilinuna, niligoma mazoezi ya kuminya vidole. Akatafuta njia yake, akawa anabana kidole kwenye mlango wa kabati taratibu huku anajiangalia kwenye kioo. Nilipomkuta akifanya hivyo nilikasirika kwelikweli. Nilimwambia ana kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia, na yeye akasema ndiyo maana kimekaa na mimi miaka yote hiyo.

Wiki ya kumi na sita ikafika. Nilivaa koti, na ndani ya koti nikaweka daftari. Tukaingia, kijana akasimama, mkoba ukapokelewa, shikamoo, marahaba, tumeamka salama, magoti mazuri tu. Karatasi ya mstari ikaletwa. Mke wangu akakamata kalamu kwa ngumi, akaipeleka mwanzo wa mstari, nami nikapiga moyo konde.

"Daktari, usiipokee hiyo karatasi," nikasema. "Mama anakudanganya."

Nikamwaga mtama wote. Mazoezi ya sebuleni, shangazi wa ndoa nne, kabati, kijitabu cha dakika tano. Nikafungua daftari mezani nikamwonyesha grafu, wiki kumi na sita, wastani dakika arobaini. Mke wangu aliniangalia tu kama anavyomwangalia mteja aliyekaa kwenye kiti chake na chawa.

Kijana aliifunua grafu ukurasa kwa ukurasa. Nilitegemea anisifu. Akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema samahani baba, hii siwezi kuitumia hata namba moja, utafiti unamsikiliza mgonjwa mwenyewe. Nikabaki nimekaa na daftari langu kama mtoto aliyeleta kazi ya somo lisilofundishwa. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya mke wangu, magoti kwa magoti. Nilimwona amefadhaika, na nadhani hata mke wangu aliona, kwa sababu alianza kumwambia pole.

"Mama, mimi sina mtihani," akasema kijana. "Anayefanya mtihani ni dawa. Ukiisaidia kufaulu, kesho wataandikiwa watu wenye mikono kama yako, na wao watapewa kwa sababu wewe umesema inafaa."

Mke wangu akaitazama mikono yake.

"Watu wangapi?" akauliza.

"Maelfu."

"Na wasusi watakuwemo?"

"Watakosaje, mama?"

Mtu asiyemjua mke wangu hawezi kuelewa swali lile. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfumua bibi harusi kichwa kizima asubuhi ya ndoa kwa sababu mstari mmoja nyuma, ambao hakuna mtu angeuona, ulipinda. Alikuwa tayari kudanganya madaktari, na mimi alikuwa ananidanganya kila kukicha. Lakini kumpa msusi mwenzake kitu kibovu, hapana. Akamuuliza kijana kama wakubwa wake watamgombeza. Kijana akasema wiki za nyuma haziwezi kufutwa, ataandika maelezo jinsi zilivyokuwa, watamwita, na atajibu. Akasema kilicho mkononi mwetu ni karatasi ya leo.

Mke wangu akaiomba karatasi mpya. Akatia alama yake, na ile ngumi ikavuka katikati ya mstari, ikaendelea, ikasimama sentimita moja na nusu kabla ya mwisho. Nilishtuka kidogo. Nikadhani ameamua kulipa madeni ya wiki zote kwa mkupuo.

Akapelekwa nyuma ya pazia. Nilikuwa nasikia tu. Kila Bibi Kimya alipobonyeza, mke wangu alisema, "Hapo." Hakulia, hakupiga kelele, alisema tu hapo, na hapo, hapo pia. Nikajikuta nahesabu kwa vidole. Kumi na saba. Vilivyovimba, kijana alituambia baadaye, vilikuwa kumi na vitatu. Bibi Kimya hakusema neno, sheria ni sheria, lakini mke wangu anasema alipomaliza alimshusha mikono ya gauni taratibu na kumfunga vifungo vyote viwili. Siku hizi hataki kusikia nikimwita yule mama jina lile.

Likabaki swali la mwisho. Kijana akashika kalamu.

"Leo asubuhi viungo vimekakamaa kwa muda gani, mama?"

Mimi nikafungua mdomo kusema arobaini.

"Saa tatu," akasema mke wangu. "Leo afadhali."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikamwambia sasa anatia chumvi, mimi nipo jikoni kila siku na saa mkononi. Hakunitazama. Alikuwa anamweleza kijana, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza mafuta gani yanafaa kwa nywele kavu. Akasema yeye huamka saa tisa usiku. Hutoka kitandani kwa kuteleza, ili asinishtue. Huchemsha maji, na kwa kuwa sufuria hawezi kuinua, huyachota kwa kikombe, kikombe kimoja kimoja, mpaka beseni lijae. Hukaa kwenye kigoda, hutia mikono majini, halafu hukunja kidole kimoja baada ya kingine. Ikikaribia saa kumi na mbili humwaga maji, hufuta sakafu, huficha beseni.

"Huyu akiamka," akasema, "anakuta nimebakiza kidogo."

Yalinikata maini. Nilikuwa na daftari mapajani, grafu imechorwa kwa kalamu ya bluu, wastani umepigiwa mistari miwili chini, na mimi ndiye niliyejiona mjanja kuliko daktari. Nilikosea kosa ambalo ningemchapia mtoto wa darasa la tano: nilianza kuhesabu nilipoamka mimi. Kati ya kitanda changu na kigoda chake kuna ukuta mmoja tu, na nyuma ya ukuta ule mke wangu alikuwa akichota maji kwa kikombe kwa miaka sijui mingapi, na mimi nimelala fofofo. Nilimwonea haya kijana. Nilimwonea haya hata yule aliyekuwa nyuma ya pazia. Nilitoka nikasimama koridoni, nikajifanya nasoma tangazo la kunawa mikono.

Kijana alikokotoa pale pale. Kutoka kumi na vinane hadi kumi na saba, kutoka kumi na vinne hadi kumi na vitatu, si nafuu ya sehemu moja ya tano kwa hesabu yoyote ile. Atahamishiwa kwenye dawa yenyewe, na sindano ya kwanza ni siku hiyo hiyo.

Tukakaa kwenye benchi kungoja muuguzi aitoe sindano kwenye jokofu, maana haichomwi ikiwa baridi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu kali, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya mtoto wa watu.

"Ungefanya nini, Mwalimu?" akasema. "Ungekuja saa tisa na daftari."

Akacheka, na mimi nikacheka kwa sababu ni kweli ningekuja nalo. Nikamwambia nisamehe. Akasema nisianze kulia pale, watu watadhani ni mimi ninayechomwa.

Wiki za mwanzo hakukuwa na kitu. Nilianza kuamka naye, nikawa mimi ndiye mbeba sufuria. Aliona ni adhabu. Mara maji yangu ya moto mno, mara nampumulia, mara nimeketi kama mkaguzi. Alinifukuza jikoni mara tatu na nikarudi mara tatu, na asubuhi moja tulinuniana kwa sababu ya beseni mpaka jua likatoka. Daftari sikulifungua tena. Niliogopa kuhesabu, tuseme ukweli. Kijana alisema dawa huchukua wiki nane, pengine kumi na mbili, na kuna wengine haiwasaidii kabisa, na hilo nalo lazima liandikwe.

Wiki ya tisa ya dawa, siku ya Jumanne, niliamka kukiwa kweupe. Nikajua nimechelewa, nimemwacha peke yake na beseni. Nikageuka haraka nishuke kitandani, na mkono wangu ukagonga bega la mtu.

Alikuwepo. Amelala ubavu, kanipa uso, mdomo wazi, anakoroma. Mkono mmoja ameuweka chini ya shavu, umekunjwa, vidole vyote vitano vimekunjika vyenyewe kama vya mtoto. Mwanzoni niliogopa, nikasogeza sikio nisikie kama anapumua, kana kwamba ule mkoromo hautoshi. Nikatazama saa. Ilikuwa saa moja na nusu.

Nilikuwa nimebanwa na mkojo vibaya sana. Kitanda chetu kina mbao moja inayolia ukishuka upande wangu, nimeahidi kuitengeneza tangu mjukuu wa kwanza azaliwe. Nikabana miguu. Nikakaa chali, macho darini, nisipumue kwa nguvu, na machozi yakawa yanashuka pembeni na kuniingia masikioni, na sikuthubutu kuinua mkono kuyafuta.